"Bora Inatembea" Ndiyo Inaua Gari za Wazee Wetu

Wasee, leo sina vichekesho. Niko na hasira, nitaitoa hapa, halafu mnitukane kwa komenti kama kawaida.

Kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia hii Kisumu: "Bora inatembea." Utayasikia Kondele, utayasikia Kibuye, utayasikia kwa kila mtu ameachiwa Land Rover ama Land Cruiser ya zamani na babake. Propela inalia chwi chwi kama ndege? Bora inatembea. Ukitoka rivasi ukiingiza gia ya kwanza, huko chini panagonga tak? Bora inatembea. Halafu siku ikigoma, lawama zote kwa umri wa gari. "Hii ni mzee, imechoka." Apana. Hiyo gari haijachoka. Imekauka, na wewe ndiye umeikausha.

Wacha nieleze kwa wale hawajawahi kulala chini ya gari. Four-wheel ya zamani iko na propela mbili, moja inaenda mbele na moja inaenda nyuma. Kila mwisho wa propela kuna krosi. Mbili mara mbili, nne. Krosi ni chuma cha umbo la msalaba, na kila mkono wake umevaa kikombe kilichojaa sindano ndogondogo za beringi. Hizo ndizo zinaacha propela ipinde gari ikiruka mashimo huku ikizidi kuzunguka. Si teknolojia ya jana. Robert Hooke alikuwa anashughulika na kiungo kama hiki Uingereza karne ya 17, na mwaka wa 1903 Clarence Spicer akapata hataza kule Marekani ya kukitumia kwa magari, wakati mengi bado yalikuwa yanaendeshwa kwa cheni. Zaidi ya miaka 120 baadaye, krosi bado inaomba kitu kimoja tu: grisi.

Na bei ya mkebe wa grisi? Haina tofauti kubwa na samaki mmoja wa kukaanga pale Dunga. Hiyo ndiyo pesa tunakosa.

Sasa niseme yangu, kwa sababu siwezi kuwachoma nyinyi nikajificha. Mjomba wangu ako na Land Rover Series III, ile ndefu. Inabeba makreti ya samaki, inabeba watu wa matanga, inabeba kila kitu. Mwaka jana propela ya nyuma ilianza kulia. Mjomba akaniuliza, "Wewe kijana wa magari, hii ni nini?" Mimi nikamwambia, "Mjomba, hiyo ni kawaida ya Land Rover." Wiki hiyo hiyo nikamshawishi anunue taa ndefu ya LED ya juu ya paa. Tukashuti video jioni, ziwa likiwa nyuma yetu. Watu walipenda sana ile video. Krosi haikupata hata tone la grisi.

Miezi mitatu baadaye kelele ikageuka mtetemeko. Tukaipeleka gereji fulani ya mtaani, mahali pana mteremko kidogo. Fundi akavuta handbreki, akaweka gia, akamwambia kijana wake aingie chini afungue propela ya nyuma. Hakuna jiwe, hakuna gogo. Bolti ya mwisho ilipotoka, gari ikaanza kutembea.

Handbreki ilikuwa imevutwa! Gia ilikuwa imewekwa! Lakini kwa hizi Land Rover za zamani, handbreki haishiki magurudumu. Inashika propela, pale inapotokea nyuma ya giaboksi ndogo. Ukishatoa propela ya nyuma na gari haiko four-wheel, handbreki inashika hewa, na gia pia inashika hewa. Hakuna kitu kinazuia gari. Yule kijana alijivingirisha, gurudumu likapita karibu na kichwa chake, na mkono ukachubuka kutoka kiwiko hadi kidole. Ni mdogo kuniliko. Akainuka, akacheka, akasema, "Omera, ni sawa tu." Haikuwa sawa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na simu mkononi, na nilijua ile taa juu ya paa ilikuja kabla ya grisi kwa sababu yangu.

Ndiyo maana nikiona msee anapiga picha ya matairi makubwa pale ufukweni, nauliza swali moja tu: chini kukoje?

Na sisi wa huku ndio tungefaa kujua haya kuliko watu wote. Angalia mahali tunaendesha. Udongo mweusi wa Kano ukinyeshewa unashika hadi propela. Nyando ikifurika, watu wanapita kwa maji ya magoti. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi rekodi, barabara za fuo zikawa chini ya maji, na gari za samaki zikapita hapo hapo. Halafu wengine wetu tunaingiza gari ziwani makusudi, ati tunaosha. Ama tunaelekeza ile mashine ya maji ya presha moja kwa moja kwa krosi, maji yanapita sili, grisi inatoka. Sindano zikishika kutu zinatoa vumbi jekundu pembeni ya kikombe. Ukiona hilo vumbi, krosi imeenda. Grisi haiwezi kuifufua.

Najua mtaniambia nini. Wa kwanza atasema mafundi wanatafuta tu pesa. Sawa, basi pima mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, zima injini, toa gia. Shika propela karibu na krosi, ipinde huku na huku, kisha isukume juu na chini. Ikicheza hata kidogo ndani ya vikombe, nunua krosi. Hapo fundi hajakudanganya, mkono wako ndio umekwambia.

Wa pili atasema, "Krosi yangu haina nipo ya kutilia grisi." Ziko kweli, zimefungwa kutoka kiwandani. Maana yake ni kwamba zikiisha unabadilisha. Haimaanishi usiwahi kuzikagua.

Wa tatu ni fundi mwenyewe, na huyu namheshimu, lakini lazima aambiwe. Fundi wangu, kuchapa krosi mpya na nyundo hadi iingie si ujuzi. Sindano moja ikianguka ikalala chini ya kikombe, kikombe hakiingii mwisho, ile pete ya kukizuia haikai kwa mfereji wake, na unamrudishia mwenye gari kifo kimefungwa vizuri. Tumia vaisi na soketi, sukuma polepole. Na kabla ya kufungua, weka alama ya rangi kwa propela ili irudi vile ilikuwa. Propela ikiwa imepinda, krosi moja huzungusha kwa mwendo usio sawa, inaongeza na kupunguza mara mbili kila mzunguko, na ile nyingine ndiyo inarekebisha. Ukirudisha propela ikiwa imekosea meno, gari itatetemeka hata na krosi mpya, na mteja atasema umemuuzia feki.

Wenye gari nao: mlipeni fundi kwa ile kazi haionekani. Tunalipa rangi bila kuuliza, tunalipa muziki bila kuuliza, lakini fundi akisema "niongeze grisi na nikague krosi" tunamwangalia kama mwizi. Propela ikikatika kwa mwendo, inachapa kila kitu kilicho karibu nayo, na paipu za breki ziko hapo hapo chini. Nyuma kumejaa watu wa matanga. Hebu fikiria hapo.

Sheria yangu sasa ni hii. Kila ukibadilisha oili, krosi zote nne zipate grisi, na usiache kusukuma bomba hadi grisi mpya itoke kwa vikombe vyote vinne vya kila krosi. Umepita kwa maji mengi? Usingoje oili. Tia grisi wiki hiyo hiyo, maji yasukumwe nje.

Ile taa ya mjomba nimeiuza. Pesa ilinunua krosi mbili za propela ya nyuma, mkebe wa grisi, bomba la kuitilia, na vipande viwili vya mbao nzito za kuzuia magurudumu. Mbao moja niliipeleka kwa yule kijana wa gereji.

Haya, sasa nitukaneni. Lakini kabla ya kuandika, weka jiwe kwa gurudumu, ingia chini ya gari ya mzee wako, na uniambie krosi zinacheza ama hazichezi.