Mwacheni kijana atangaze kwa Kiswahili cha Kalemie

Kalemie. Kuna maneno yanayorudiwa sana katika mji huu, kutoka Kataki mpaka Dav. Kijana akirekodi kwa simu mchezo wa PlayStation ya zamani, akautangaza kwa sauti yake na kuwagawia wenzake video hiyo, watu wanasema ni mtoto aliyepotea. Baba anasema ni uvivu. Mwalimu anasema Kiswahili chake ni kibovu. Na wale wanaojiona wamesoma wanamwambia: kama unataka watu wakuangalie, sema Kifaransa.

Wote watatu wanakosea, na huyo wa mwisho ndiye anayeharibu zaidi.

Ndugu msikilizaji, tazama kwanza kazi yenyewe. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mchezo wa mpira wa PES uliotengenezwa mwisho kwa mashine hiyo ni PES 2014. Maana yake hakuna jipya litakalokuja tena. Wachezaji ni walewale, kelele za uwanja ni zilezile, na mtangazaji aliye ndani ya diski anarudia sentensi ambazo watoto wamezishika zote kwa kichwa. Kitu kipya ni sauti ya kijana. Inter Milan imo katika diski, Mazembe haimo. Basi kijana anazima sauti ya mashine, timu moja anaiita Mazembe, na anarudisha ile fainali ya Abu Dhabi ya Desemba 2010 ambayo Inter ilishinda 3-0. Safari hii Mazembe inageuza mambo, na Kidiaba anaruka kwa matako mpaka katikati ya uwanja. Nani atasema hapo hakuna akili? Anayetangaza hivyo ameshika majina, dakika na matokeo, tena anajua wapi pa kunyamaza. Hilo la mwisho, kuna watangazaji wa redio wasiolijua.

Wala kazi hii si ngeni. Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na watu wakazinunua. Kenya kuna DJ Afro. Kampala, mtaa wa Wakaliga, filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inajulikana duniani pamoja na makelele ya VJ Emmie. Nchini Rwanda filamu za namna hii zina jina lake kabisa, agasobanuye. Wazee wanaomcheka kijana wa PlayStation wamekaa wenyewe mpaka usiku mbele ya filamu za Wahindi na Wachina zinazosema Kiswahili, na hakuna aliyewaita wavivu.

Wanaotaka Kifaransa wana hoja moja nzuri. Felix Kjellberg, Mswidi anayeitwa PewDiePie, alipita wafuasi milioni 100 kwenye YouTube mwaka 2019, na jina lake alilipata kwa kucheza na kupiga kelele kwa Kiingereza, si kwa Kiswidi. Ni kweli. Lakini yeye alikuwa anatafuta dunia nzima. Video ya kijana wa Kalemie haifiki huko, kwa sababu mega zina bei. Inapita kwa Bluetooth na kwa kadi ya memori, simu hadi simu, inavuka Lukuga, inafika kwa familia zilizohama vita, zilizoko pembeni mwa mji na zilizopokelewa katika nyumba za ndugu. Mtoto wa pale hana pesa ya kulipia zamu ya kushika maneti. Kama shule yake ilikatika darasa la pili, Kifaransa atakielewa vipi? Kiswahili cha hapa kinamfikia. Waliotoka Fizi na Uvira wanakicheka kidogo, ila wanakielewa chote. Na mwalimu anayekasirikia «batoto banakuya» aende sokoni ajisikilize.

Baba naye ana sehemu moja ambapo ana haki ya kusimama, tena asimame kwa nguvu: michezo ya bunduki. Pale anayetangaza ndiye anayempa jina mtu anayepigwa risasi. Jimbo hili lilizika watu mwaka 2016 na 2017 katika vita kati ya Watwa na Waluba. Nyumba zilichomwa, vijiji vikabaki vitupu, na watoto wa wakati ule ndio vijana wa leo wenye simu. Anayemwita adui wa kwenye kioo kwa jina la kabila, hatangazi mchezo tena. Video hiyo ifutwe, asiigawe mtu, hata kama inachekesha. Kadi ya memori haichagui nyumba ya kuingia. Mama aliyekimbia na watoto mgongoni anaweza kuisikia ikilia katika simu ya mwanawe mwenyewe.

Lakini baba anayekataza yote hataisikia hiyo moja. Ataona simu inafichwa anapoingia, basi. Aombe kuonyeshwa, akae, asikilize mpaka mwisho.

Redio za mji nazo zina lawama yao. Zina studio na mikro nzuri, na kijana anarekodi katika chumba cha michezo huku jenereta ikinguruma mlangoni. Wengine watasema redio haina picha. Watu wamefuata mechi za Mazembe redioni miaka mingi bila kuona mpira hata mara moja. Nusu saa siku ya Jumamosi, baada ya matangazo ya vifo, ingetosha kuanza.