Ugonjwa Mmoja, Malipo Manne

Mwisho wa mwezi hati ya mshahara tunaisoma kuanzia chini, pale palipoandikwa kilichobaki, kisha tunapanda polepole kutafuta kilikokwenda kingine. Kodi ya mapato imechukua chake. NSSF, akiba ya uzeeni, imechukua. Ushuru wa nyumba umechukua asilimia 1.5. Bima ya afya nayo imechukua asilimia 2.75, tena imekata kwenye mshahara mzima kabla haujaguswa na yeyote. Haya. Wiki hiyo hiyo mtoto anachemka usiku kucha, asubuhi tunambeba hadi hospitali, na tukifika tunaambiwa kipimo hiki ni cha kulipia na dawa ile haipo, mkanunue kemisti ng'ambo ya barabara. Tunavuka barabara, tunanunua.

Hatujakataa kulipa, hilo lieleweke mapema. Wakenya tumekatwa pesa za matibabu tangu mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ulipoundwa mwaka 1966, na wazee wetu walikatwa wakanyamaza kwa sababu waliona maana yake: mzima amsaidie mgonjwa, na akiugua yeye asaidiwe. Hata hesabu mpya zilipokuja Oktoba 2024, SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi wetu tulikaa tukazipiga kwa kalamu tukaona zina haki ndani yake. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa anakatwa 550. Mwenye 100,000 alikuwa akikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Mwenye 200,000 alikuwa kwenye hiyo hiyo 1,700 na sasa anatoa 5,500. Aliyenacho atoe zaidi, asiyenacho apumzike kidogo. Kwa hilo hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu ni kwamba ugonjwa mmoja tunaulipia mara nne. Tunaulipia kwenye kodi, kwa sababu hospitali za umma, mishahara ya madaktari na wauguzi, na majengo yote yale hutoka kwenye kodi. Tunaulipia kwenye makato ya bima. Tunaulipia dirishani, taslimu au kwa M-Pesa. Na mgonjwa akizidiwa, tunaulipia kwa mara ya nne kwenye mchango, maana hakuna ukoo wala kanisa wala kikundi cha akina mama kisichokuwa na mgonjwa wa kuchangiwa mwezi huu. Ukiwa na simu yenye WhatsApp umeshaingizwa kwenye kundi la kamati ya matibabu ya mtu, na jina lako limeandikwa kwenye orodha ya ahadi kabla hujasema neno.

Jirani zetu wa jua kali, mama mboga, watu wa bodaboda na vibarua wa mjengo, hao hata hati ya mshahara ya kuinung'unikia hawana. Wao, ili wapangiwe mchango wao wa bima, waliulizwa maswali. Nyumba ukuta wake ni wa nini? Choo ni cha aina gani? Unapikia nini, maji unachota wapi? Kompyuta ikakusanya majibu ikatoa kiwango, na kima cha chini kikawa shilingi 300 kwa mwezi. Mtu akasema alhamdulillahi, 300 naiweza. Kisha akaambiwa ni za mwaka mzima kwa mpigo. 300 mara 12 ni 3,600, na wengi walipewa kiwango kinachoipita hiyo mara mbili au tatu. Anayepata riziki ya siku kwa siku hana pahali pa kuzitoa pesa za mwaka. Baadaye ukaletwa mpango wa kulipa pole pole, na tunaupokea, ila ulipaswa kuwa wa kwanza kufikiriwa, maana hao ndio wengi nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta ni kama Mkenya mmoja tu kati ya wanne aliyekuwa na bima ya afya ya aina yoyote.

Asiye na mwajiri wa kumkata hufanya vile ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Hungoja augue. Daktari akishasema kuna upasuaji, familia inauza mbuzi, inalipa mwaka mzima Jumatatu na mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji wiki hiyo. Kwa familia huo ni uamuzi sahihi kabisa. Kwa mfuko wa bima ni balaa, kwa sababu kila anayeingia anaingia akiwa tayari na bili, na wa kuubeba mzigo wanabaki wale wale wa hati ya mshahara. Hii ndiyo sababu moja ya pesa kupanda kila mwaka bila kutosha, na huhitaji kuwa mchumi kuiona.

Dirishani penyewe tunapajua. Wote tumesimama pale. Namba ya siri inatumwa kwenye simu ya mgonjwa, na simu ya mgonjwa imeachwa nyumbani na mjukuu, au laini ilisajiliwa kwa jina la mwana aliyeko Mombasa. Namba ikifika, imeshapitwa na wakati, itumwe nyingine. Karani, kijana mpole ambaye kosa si lake, anainua macho na kusema, "Mama, sistimu iko chini, ngojeni kidogo." Mama anarudi kwenye benchi, anakunja leso magotini, anamwegemeza mumewe ambaye hawezi kukaa wima. Foleni inafika mlangoni. Saa sita inapita. Sistimu ile ni sehemu ya mradi wa kidijitali ulioandikiwa mkataba wa shilingi bilioni 104, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliuhoji mwaka 2025, akiuliza jinsi ulivyonunuliwa na ni nani anayeumiliki hasa. Sisi swali letu ni dogo zaidi. Tunauliza itarudi saa ngapi.

Kwa nini basi gharama ya afya inazidi kupanda? Kwanza tumeongezeka. Mwaka 1999 tulihesabiwa tukawa milioni 28.7, mwaka 2019 tukawa milioni 47.6. Pili, na hapa ndipo penye uzito, tumebadili magonjwa. Zamani hospitali ilijaa malaria, surua na kuhara, mtu anatibiwa anapona au anakufa, na bili inakwisha. Hayo hayajaondoka, ila yameongezewa presha, kisukari, saratani na figo, na haya hayana siku ya mwisho ya kulipa. Mwenye presha atameza dawa maisha yake yote. Mwenye kisukari atapima na kumeza maisha yake yote. Zidisha watu hao kwa miaka waliyobakiza, utaona bili inakoelekea.

Nenda sasa kwenye zahanati, ile ya karibu, yenye paa la mabati na tangi la maji lililokauka. Mzee wa presha amekuja na daftari lake. Muuguzi anamfunga mkanda mkononi, anasoma, anaandika 170 juu ya 100, anafungua kabati. Kabatini mna panadoli, mna dawa ya minyoo, mna kondomu. Dawa ya presha haikuja mwezi huu, na mwezi jana ilikuja kidogo. "Mzee, nunua kemisti." Ni dawa ya mamia ya shilingi tu kwa mwezi, ila mamia hayo yanashindana na unga. Mzee ananunua ya wiki moja, akijisikia nafuu anaacha. Presha haina kelele. Inakaa ndani miaka mitano, sita, ikikwangua figo.

Siku figo zikichoka anafika hospitali ya kaunti, na hapo serikali inamlipia bila kusita. Kusafishwa damu kwa mashine mara moja, SHA hulipa shilingi 10,650. Anahitaji mara mbili kwa wiki. Piga hesabu ya mwaka: ni 1,107,600 kwa mtu mmoja. Tunashukuru kwamba analipiwa, tena tunashukuru kwa dhati, kwa sababu tunawajua waliokufa nyumbani wakati mashine hizi zilikuwa kwenye hospitali chache tu. Lakini viwango vilipotangazwa mwaka 2024, fungu la kumhudumia Mkenya mmoja kwenye ngazi ya chini, zahanati na kituo cha afya, lilikuwa shilingi 900 kwa mwaka mzima. 900 kwa mwaka ili asiugue sana, na zaidi ya milioni akishaugua. Nchi nzima tunanunua afya kwa bei ya mwisho, baada ya kukataa kuinunua kwa bei ya mwanzo, na hakuna waziri wa chama chochote aliyewahi kusimama akasema hivyo ndivyo tulivyopanga.

Kabati la dawa halina sherehe ya kukata utepe, mashine inayo. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali 98, zikiwemo mbili kwa kila kaunti, na makadirio ya awali yalikuwa shilingi bilioni 38 kwa miaka saba. Vingine viliokoa watu, hatuwezi kusema uongo, na wagonjwa wa figo ni mashahidi. Vingine vilikaa kwenye makasha kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kutosha, au chumba hakijajengwa, au hapakuwa na mtu aliyesomea kuviendesha. Kaunti ziliendelea kukatwa kodi ya vifaa hivyo mwaka baada ya mwaka, vifanye kazi visifanye. Maseneta walichunguza, ripoti ikaandikwa. Ripoti tunazo nyingi.

Dawa nazo, sehemu kubwa huja kwa meli na ndege, na zinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipopita shilingi 160, kidonge kile kile, kiwanda kile kile, kikapanda bei kwenye kaunta ya kemisti. Dola iliposhuka, bei ilibaki juu.

Tuseme na la wizi, maana mitaani linasemwa kila siku. Wizara ya Afya yenyewe ilisimamisha hospitali kadhaa mwaka 2025 ikizituhumu kwamba mgonjwa aliyekuja kwa kikohozi na kurudi nyumbani aliandikwa kuwa amelazwa, na kwamba wagonjwa wengine walikuwepo kwenye karatasi tu. NHIF iliondolewa kwa lawama za aina hiyo hiyo. Kila shilingi inayolipwa kwa mgonjwa hewa ilikatwa kwenye mshahara wa mtu halisi, na tungependa kuona mtu akifungwa kwa ajili yake. Upande wa pili kuna hospitali zilizotibu watu kweli na zikacheleweshewa malipo miezi na miezi, na zikichoka kungoja zinabandika karatasi mlangoni: taslimu tu.

Na bado kulikuwa na mlango mmoja ambao hatukuulinda. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, vipimo vyake, na mishahara ya wengi waliokuwa wakizigawa vilitegemea pesa za Marekani. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada, na ndani ya siku chache kuna kliniki zilizofungwa na wahudumu waliorudishwa nyumbani. Wagonjwa wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Tangu mwaka 2001, pale Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijawahi kuifikia. Tulikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kujiandaa kwa siku mgeni atakapofunga mkoba wake.

Pesa hizi zote zikishindikana, linabaki lile tunaloliogopa kuliko ugonjwa. Mgonjwa amepona na haruhusiwi kutoka, analala kwenye kitanda anachotozwa kila usiku kwa sababu hajalipa cha usiku uliopita. Au ameaga, na mwili umezuiliwa mochari, na mochari nayo ina bei yake ya kila siku. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba kuzuilia mgonjwa au maiti kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Familia nyingi bado zinachanga kwanza. Hakuna aliye na nguvu za kwenda kortini siku ya msiba, na kila ofisi inalijua hilo.

Kwa hiyo tukae tukijua tunachodai. Mtu wa kipato cha siku aachwe alipe kila mwezi au kila wiki, na bima yake ihesabiwe kuanzia siku aliyolipa. Hospitali iliyotibu ilipwe kwa tarehe inayojulikana, ili isipate kisingizio cha kutudai taslimu dirishani. Na kabla ya kununuliwa mashine nyingine yoyote, zahanati ziwe na dawa ya presha na ya kisukari miezi yote 12, na orodha ya dawa zilizopo ibandikwe mlangoni ili mzee asitembee bure na daftari lake.

Juni bajeti itasomwa tena bungeni. Mabilioni ya afya yatatajwa, yatakuwa mengi kuliko ya mwaka uliopita, na wabunge watapiga makofi. Sisi tutasikiliza fungu la zahanati limekuwa kiasi gani kwa kila mtu. Likiwa bado ni 900, tutaendelea kuchanga.