Kipimo cha Hewa na Mahali pa Kukiweka

Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale, Manzese na Vingunguti, ambako nyumba zimebanana hata ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, magharibi inapoingia majiko ya mkaa huwashwa uani kwa pamoja, na mpishi aliyekosa vijiti vikavu huchoma kipande cha nailoni chini ya makaa ili moto ushike upesi. Moshi ule mweusi, kabla haujafika hata kwenye bati, umekwisha kumwingia mtoto aliyeketi kando. Hewa hiyo ndiyo ipasayo kupimwa. Chombo kikitundikwa juu ya paa la ofisi mjini, na hesabu ya saa 24 ikafanywa wastani, saa za dhiki hufunikwa na utulivu wa usiku wa manane, nasi tukapewa habari sahihi ya mahali asipoishi mtu.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango cha chembe laini, zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya hewa tangu mwaka 2007. Upungufu wetu, basi, si wa sheria, bali wa kupima mfululizo, kusi na kaskazi, masika na kiangazi.

Wako wanaodhani kwamba vyombo vidogo vya bei nafuu, vinavyohesabu chembe kwa mwanga, vimekwisha kuondoa shida hii. Navikaribisha, lakini kwa sharti: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na chembe iliyokunywa maji huvimba, chombo kikaihesabu kupita kadiri yake, kwa hiyo hakina budi kuwekwa kwanza pamoja na kipimo kinachonasa vumbi kwenye kichujio na kulitia mizanini, ili tofauti ijulikane. Wala vyombo hivyo vya mwanga haviioni kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo mkaa huitoa hata ukishakolea, ilhali mpishi, kwa kuona moshi umekwisha, huliingiza jiko ndani.

Rai yangu ni kwamba manispaa zianze na vyombo vichache vilivyosahihishwa, vitundikwe uani kwa kimo cha pua, na matokeo yabandikwe kila juma katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini aliyenunua mtungi wa gesi kwa taabu, huku jirani zake wangali wakipepea mkaa, ana haki ya kujua ni moshi kiasi gani uliopungua nyumbani mwake, na jawabu lake halitapatikana mwaka 2034 ikiwa hewa ya leo haikuandikwa.