Aliyenyamaza kwenye simu hakusema ndiyo



Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa zipatazo 54 tu, lakini kuna majuma ambayo barabara hiyo haimfai mama aliyeacha watoto nyumbani. Ndiyo maana vikundi vya pande zote mbili vinakutana kwa simu: saa moja ya jioni, kila mmoja jikoni kwake, sombe motoni, sauti zote ndani ya WhatsApp. Tunazungumza makuta ya sanduku, masomo ya watoto, nani asaidiwe. Na tunaona jambo moja. Kikundi ni kile kile, ila wanaoamua kwenye simu si wale wanaoamua tukikaa pamoja kwenye viti.

Tukikaa pamoja, mwenyekiti anaona nyuso. Mama anayevuta kitenge chake na kutazama chini anaonekana, na jirani yake atamgusa bega ili aseme. Kwenye simu uso haupo. Mama mchangamfu, yule ambaye mawazo yanamjia akiwa anasema, anaingia kila nafasi inapopatikana. Mama mpole anapanga maneno kwanza moyoni. Akimaliza kuyapanga, wenzake wako kwenye jambo la tatu. Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika juu ya watu wa namna hizi mbili mwaka 1921, wanaoelekea nje na wanaoelekea ndani, na hakusema mmoja ni mgonjwa. Sisi nasi tusiseme hivyo. (Tena bila wamama wachangamfu, mikutano yetu ya simu ingekuwa kelele za masufuria tu.)

Hatari iko kwenye hesabu. Mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Sauti tatu zinajibu ndiyo, ishirini ziko kimya, katibu anaandika: wote wamekubali. Tuseme kikundi kinataka kuongeza akiba ya kila juma. Wenye duka wanasema ndiyo kabla swali halijaisha. Mama aliyekimbia vita upande wa Oicha, anayelala na watoto wake kwenye chumba cha kuazima, hawezi kutoa kiasi hicho. Lakini ni mtu wa aibu, na kusema "sina" mbele ya masikio ishirini ni kazi nzito. Ananyamaza. Baada ya majuma mawili haonekani tena, na watu wanasema hakuwa na moyo wa kikundi. Kwa kweli alikwisha kuondoka jioni ile, ukimya wake ulipohesabiwa kuwa ndiyo.

Walimu tunalijua jambo hili darasani. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao mwalimu anangoja baada ya kuuliza swali. Mara nyingi ilikuwa sekunde moja hivi. Walimu walipojifunza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto wasiozoea kujibu wakaanza kujibu. Kwenye simu rezo yenyewe inachelewesha sauti, kwa hiyo sekunde tatu hazitoshi. Mwenyekiti ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kimya hicho kitamchosha, avumilie.

Swali la makuta litumwe siku moja kabla. Hilo ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu kumwita mama mpole jina lake ghafla kunamwogopesha zaidi. Akiwa amelala na swali, unaweza kumpa zamu naye atajibu. Zamu ianze na wanaosema kidogo, wachangamfu wamalizie. Anayependa kuandika aandike: kuna mama asiyesema maneno kumi mkutanoni, lakini ujumbe wake wa mistari minne unanyosha kila kitu. Asiyezoea kuandika atume ujumbe wa sauti kwa katibu peke yake.

Lakini si kila kimya ni tabia. Pengine simu ni ya bwana, naye amekaa karibu anasikiliza. Pengine mega zimekwisha. Pengine mama mkwe yuko kwenye kikundi hicho hicho, na heshima hairuhusu kumpinga. Mwingine Kinande chake kinatiririka, ila mkutano umegeuka Kifaransa. Kesho yake mpigie mmulize taratibu: "Mama, jana hatukukusikia. Ilikuwa rezo, au kuna neno?"

Hapa kwetu tunajua gharama ya kusikiliza sauti kubwa peke yake. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200, na uvumi ulipita simu kwa simu. Mwenye kupaza sauti alisikiwa na wengi. Mwenye swali la kweli na aibu ya kuuliza alibaki nalo.

Kwa mkutano ujao wa simu, tunaomba makatibu wachore safu tatu kwenye daftari: ndiyo, hapana, hajajibu. Majina yote yaandikwe. Walio kwenye safu ya tatu wapigiwe simu mmoja mmoja kabla makuta ya sanduku hayajaguswa.