Mawimbi ya Ziwa Hayana Mpaka

Wapo watu, tena wenye elimu na dhamana, wanaodhani kwamba uchumi wa jirani ukianguka, wa kwao utanyanyuka. Fikra hizo ni potofu. Anayezishikilia na apande mtumbwi aende Rukuba, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Viktoria, mkoani Mara.

Ziwa hilo ni la Tanzania, Uganda na Kenya. Mwaka 1999, zilipoenea habari kwamba baadhi ya wavuvi wa Uganda walivua kwa sumu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa nchi zote tatu. Sumu ilitajwa Uganda, lakini viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu viliumia pamoja na vile vya Jinja. Mvuvi wa Tanzania hakufaidi kitu kutokana na balaa la mwenzake.

Sababu yake ni nini? Ni kwamba nchi hizo huuza sangara yuleyule kwa wanunuzi walewale wa mbali, ambao ndio wapangao bei na masharti. Mitumbwi mitatu ikifungwa kwenye gogo moja, gogo likizama, upi utasalimika?

Dawa ya kujitenga imekwisha kujaribiwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Je, uchumi wa nchi hizo uliachana? La hasha! Bei ya kahawa iliyokuwa imepaa baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilishuka kwa wote. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1979, wote waliumia. Mpaka ulizuia bidhaa na ndugu, dhiki haikuzuilika.

Basi, kwa kuwa nchi hizi huanguka pamoja, hapana budi zisimame pamoja. Ziuziane zaidi zenyewe kwa zenyewe, na mbele ya mnunuzi wa mbali ziwe na sauti moja. Chombo cha pamoja cha uvuvi wa ziwa hilo, kilichoundwa mwaka 1994, kina makao yake Jinja. Kipewe nguvu ya kusemea soko la wavuvi, si kuhesabu samaki tu.

Afisa anayeandika mpango wa wilaya na mwalimu anayefundisha uraia wakumbuke wosia wa wazee: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.