Mashine Ikikujibu, Iulize Kwa Nini

Wahenga walinena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini siku hizi katika kikundi chetu cha sataranji, mchezo ambao wengi wetu tunauita chesi, naona wenzangu wamenyoa kabisa na kuazima nywele za mashine. Nitaanza kwa kisa changu mwenyewe, asije mtu akadai kwamba ninawasengenya wengine.

Chukua ubao. Wewe una kete nyeusi. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, nawe vivyo hivyo. Anatoa farasi, unatoa farasi. Anamleta askofu hadi c4, unatoa farasi wa pili. Mara farasi wake anaruka hadi g5! Sasa farasi na askofu wote wanaukodolea macho mraba wa f7, ambao mlinzi wake ni mfalme wako peke yake. Mtego huu si wa jana, Waitaliano walikuwa wakiujua tangu mwishoni mwa karne ya 16. Unaziba njia ya askofu kwa kusogeza askari hadi d5, naye Mweupe anamla kwa askari wake. Hapo ndipo penye kitendawili. Ufanye nini?

Mtu yeyote mwenye njaa atamla askari huyo kwa farasi. Ndivyo nilivyofanya muhula wa kwanza tulipocheza na shule jirani. Mpinzani wangu hakupepesa jicho. Alimtoa farasi wake kafara pale f7, mfalme wangu akamla, kisha malkia wake akatokea f3 akimtisha mfalme na farasi wangu kwa pamoja. Ili nisimpoteze farasi, ilinibidi nimpeleke mfalme e6, katikati ya uwanja, kama mtu aliyetoka kuoga akakuta mlango umefungwa. Sikufika hatua ya ishirini.

Jioni hiyo nilimsihi mjomba aniazime simu yake. Ndani yake niliweka Stockfish, programu ya sataranji isiyolipiwa hata ndururu. Jibu lilikuja kabla sijaketi vizuri. Usimle askari, bali peleka farasi a5 umtishe askofu. Askofu akija b5 kumtisha mfalme, ziba kwa askari wa c6. Akiliwa, mlipize kwa askari wa b, na askofu atakimbia tena. Nikanakili yote daftarini, nikayakariri kama shairi la mtihani, simu nikairudisha. Nilijiona nimeshakuwa bingwa.

Kumbe wapi! Muhula wa pili niliketi mbele ya msichana mmoja mpole. Tulifika pale pale, nikapeleka farasi a5 huku nikitabasamu. Yeye hakumtisha mfalme wangu. Alisogeza tu askari mmoja, d3, kumlinda askofu wake. Daftari langu halikuwa na hatua hiyo. Nikamla askofu upesi upesi, naye akamla farasi wangu kwa askari. Kuhesabu kete, nikakuta ana askari mmoja zaidi, tena yule wa d5 amesimama imara kwa sababu mwenzake anamlinda. Mchezo ulikwenda polepole hadi mwisho, na huyo askari mmoja ndiye aliyenizika.

Safari hii nilipoazima simu sikuuliza hatua iliyo bora. Niliicheza tena hatua yangu mbovu makusudi, nikaona namna inavyoadhibiwa. Kisha nikaangalia ile iliyofaa, yaani askari wa h6 kwanza. Farasi wa g5 akirudi f3, askari wa e anasonga hadi e4 na kumtisha tena. Nilikaa na ubao mpaka chai ikapoa, ndipo nikaelewa. Anayekwenda a5 amemwachia mwenzake askari ili anunue wakati, kwa hiyo kila hatua inayofuata yafaa imkimbize mtu. Mimi nilikuwa nimelipa bei, kisha bidhaa nikaiacha dukani.

Wako wenzetu wanaosema eti mashine hizi zipigwe marufuku kabisa kwa kuwa zinaua akili. Siungani nao. Kushindana na mashine kulikwisha mwaka wa 1997, pale New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa alama tatu na nusu kwa mbili na nusu. Mwaka wa 2017 ikaja AlphaZero, ambayo ilipewa sheria za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Hata hivyo sataranji haikufa. Kuitumia mashine mchezo unapoendelea ni wizi, hilo halina mjadala. Lakini kuitumia nyumbani ni sawa na kusoma kitabu.

Wengine nao wanaiabudu. Mashine ikisema 0.2 wanaitikia amina. Hao nao siungani nao. Mashine hutoa tarakimu, lakini sababu haikuambii. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kwamba jambo usiloweza kulieleza kwa maneno yako mwenyewe bado hujalielewa.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kugusa mashine, kila mtu aandike daftarini hatua ambayo angecheza yeye na sababu yake. Pili, aichezeshe mashine hatua yake mwenyewe aone kosa liko wapi, kisha atuelezee kwa Kiswahili pasipo kutaja tarakimu hata moja. Tatu, na hili nawaomba walimu wetu wapendwa, turuhusiwe kompyuta moja ya shule saa moja kila Ijumaa. Shule yetu ni ya kutwa. Kengele ikilia mmoja anakimbilia matatu, mwingine anakwenda kuteka maji, na si kila nyumba ina mjomba mwenye simu. Vijana wawili wameacha kuja kikundini kwa sababu wanafungwa kila siku na hatua zilizokaririwa, wala hakuna anayeweza kuwaeleza kwa nini wamefungwa. Hao ndio wanaonisikitisha kuliko askari wangu wa d5.

Mwezi ujao tunarudiana na shule ya yule msichana. Akisogeza d3, nitasogeza h6. Akifanya jambo jingine nisilolijua, angalau nitajua ninatafuta nini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu