Kusahau si Laana: Utafiti wa Dimensia Ufike na Pemba



Ndugu msomaji, huku kwetu Pemba tuna maneno mengi ya kumweleza mzee aliyepotelewa na kumbukumbu. Tunasema amerudi utotoni, au ni uzee tu. Wengine hupunguza sauti na kusema amechezewa. Maneno ya mwanzo yana huruma, lakini yanafunga mlango: ikiwa ni uzee tu, basi hakuna la kuuliza. Neno la mwisho halina hata huruma, maana mtu akichezewa lazima awepo aliyemchezea, na hapo jirani huanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya. Katika maneno yote hayo halimo neno ugonjwa.

Katika makala hii natetea mambo mawili. La kwanza, kwamba hali hii ni ugonjwa, nao unastahili kuchunguzwa na vyuo vikuu kwa lugha yetu na katika visiwa vyetu. La pili, kwamba sisi Wakatoliki, hasa tunaosoma falsafa, tuna sababu zetu wenyewe za kuunga mkono utafiti huo.

Si uzee tu

Dimensia ni jina la jumla la hali ambayo ubongo huharibika hatua kwa hatua, mtu akapoteza kumbukumbu, mpangilio wa mawazo, maneno, na mwishowe uwezo wa kujihudumia. Maradhi yanayoileta ni mengi. Linalojulikana zaidi ni lile la Alzheimer. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke aliyekuwa amemwona hospitalini Frankfurt. Mama huyo alilazwa mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu, amechanganyikiwa na hakumbuki mambo ya juzi na jana. Alipofariki, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona alama za uharibifu. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kuelezwa wa maradhi haya hakuwa ajuza.

Hapa Tanzania tunao ushahidi wetu. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, wakishirikiana na Watanzania, waliwafikia wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walikuta kwamba dimensia inawapata takriban 6.4 katika kila wazee 100. Kiwango hicho ni cha kutosha kuwa jambo la kitaifa. Lakini tukigeuze pia: katika kila wazee 100, zaidi ya 93 hawakuwa nayo. Ingekuwa ni uzee tu, hao wengine wameponea wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huu si ugonjwa wa Wazungu. Tofauti ni kwamba kwao umepewa jina na kliniki, na kwetu umeachiwa binti mmoja wa nyumbani, aghalabu yule ambaye hajaolewa au ameachika, abebe peke yake usiku na mchana.

Leo ni siku gani?

Mtu anaweza kusema: kama Hai imeshafanyiwa utafiti, Pemba ya nini tena? Jibu liko katika namna ugonjwa huu unavyotambuliwa. Hakuna kipimo rahisi cha damu katika vituo vyetu kama kile cha malaria. Kwa sehemu kubwa mzee hupimwa kwa maswali, na maswali mengi yalitungwa Ulaya na Marekani kwa watu waliosoma shule. Humpa mtu kalamu achore umbo, humwambia aandike sentensi, ahesabu kwa kurudi nyuma. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa, na karatasi itamwita mgonjwa ilhali akili yake ni timamu kabisa.

Watafiti wa Hai waliligundua tatizo hilo wakatengeneza kipimo kingine, kiitwacho IDEA. Badala ya kumwambia mzee achore, humpa njiti za kiberiti aziegemeze kwa mfano anaoonyeshwa. Humwomba ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na akumbuke maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita. Ni jambo dogo, lakini ndani yake mna heshima: mtafiti amekubali kwamba asiyesoma si mjinga.

Sasa lete kipimo Pemba. Muulize mzee wa Micheweni, saa mbili usiku wa Alhamisi: leo ni siku gani? Huenda akakujibu kwamba huu ni usiku wa Ijumaa, naye yuko sahihi, kwa sababu katika hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua. Muulize mwezi, atakupa mwezi wa Kiislamu. Muulize majira, atakwambia kusi au kaskazi, au atahesabu tangu mchumo wa karafuu. Mvuvi asiyejua tarehe ya kalenda ya ukutani anajua bila kukosea kama leo maji ni bamvua. Asiyeyajua hayo ataandika sifuri mahali palipostahili alama kamili. Kinyume chake pia kinawezekana: mvuvi aliyekuwa akizijua bamvua zote, sasa amekwenda pwani maji yamejaa akitafuta pweza. Mgeni hataona ajabu, mwenyeji ataona.

Ndiyo maana nasema utafiti huu unahitaji watu wa hapa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina skuli ya afya Unguja na kina kampasi Pemba. Pale Wawi, Chake Chake, tuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na inayojulikana kwa utafiti wa minyoo na kichocho. Tena wazee wetu wanafahamika shehia kwa shehia, kwa sababu tangu Aprili 2016 Zanzibar hulipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kijana wa Kipemba anayesoma uuguzi, saikolojia au takwimu ana kazi inayomngoja hapahapa nyumbani.

Kujua kusikoponya kuna faida gani?

Hoja nzito zaidi ni hii: ugonjwa hauna dawa ya kuuponya, sasa kuutafiti ni kumwambia mtu habari mbaya bila kumpa msaada. Ni kweli hauponi. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani, kama lecanemab mwaka 2023, hupunguza kasi yake kwa kiasi tu, katika hatua za mwanzo, na bei yake haishikiki. Hata hivyo hoja hiyo haisimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, sehemu ya ugonjwa inazuilika au inacheleweshwa. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Baadhi yake ni presha, kisukari, sigara, ulevi, kutosikia vizuri, macho mabovu yasiyotibiwa, upweke na elimu ndogo utotoni. Hayo yote tunayo vijijini mwetu. Kumpeleka mzee akapime presha, kumtibu mtoto wa jicho na kumwacha binti asome ni kazi za leo, si za karne ijayo.

Pili, lipo la kumsaidia aliyekwisha ugua. Kuna njia iliyoanzia Uingereza ambayo huwakusanya wagonjwa katika kundi dogo kwa mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono. Watafiti waliijaribu Hai wakiirekebisha ifuate mila za wenyeji, na waliona nafuu katika akili za waliohudhuria. Haihitaji mashine. Inahitaji mkeka, kivuli, na mtu aliyefunzwa.

Tatu, kujua huondoa lawama. Katika baadhi ya mikoa ya bara tumesikia kwa miaka mingi habari za vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayezungumza peke yake usiku na kupotea njia ni rahisi kutuhumiwa. Familia ikijua kwamba ni ubongo unaougua, haitamtafuta mchawi, na haitamaliza fedha za karafuu kwa waganga. Jina sahihi la ugonjwa linaweza kuokoa maisha hata pasipo kidonge.

Mtu si kumbukumbu zake

Hapa nageukia darasani kwetu. Waseminari wenzangu wanamkumbuka John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba kinachomfanya mtu awe yuleyule jana na leo ni ufahamu wake, ule unaoyafikia mambo yake ya nyuma kwa kukumbuka. Tukimfuata hadi mwisho, mzee asiyekumbuka chochote si mtu yuleyule tena. Pengine si mtu kamili. Wengi wanaishi kwa falsafa hiyo pasipo kumsoma Locke, kila wanaposema, "Mama tulishampoteza zamani," naye mama amekaa palepale ukumbini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona jambo hili kwa namna nyingine. Katika Summa Theologiae anakiri wazi kwamba kiungo cha mwili kinachohudumia kumbukumbu kikidhurika, mtu huzuiwa kuelewa hata mambo aliyoyajua awali. Hakuogopa kusema kwamba akili yetu, hapa duniani, inauhitaji mwili. Lakini kuzuiwa kutenda si kupoteza asili. Mpiga zumari hapotezi ufundi zumari ikipasuka; sauti haitoki, ila aliyeishika ni yuleyule. Roho ndiyo umbo la mwili huu mzima, si mali iliyohifadhiwa katika sanduku la kumbukumbu, kwamba sanduku likiibwa mwenye nyumba naye ameondoka.

Kanisa linaishi hivyo hata katika sheria zake. Kanuni ya 1006 inaagiza Mpako wa Wagonjwa utolewe kwa wale ambao, walipokuwa na akili timamu, waliuomba angalau kwa namna isiyo ya wazi. Tafakari maana yake: ombi la jana lingali na nguvu leo, ingawa aliyeliomba halikumbuki. Hilo haliwezekani isipokuwa aliyeomba na anayepakwa ni mtu mmoja. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zitakapompungukia. Jirani zetu Waislamu, walio wengi hapa kisiwani, nao wanasoma katika Kurani habari za mtu kurudishwa kwenye umri dhaifu asijue kitu baada ya kujua, na katazo la kumguna mzazi mzee. Katika hili hatuna la kubishana nao. Tuna la kufanya pamoja nao.

Utafiti wenye adabu

Msingi huohuo unampa mtafiti masharti. Mzee akiwa mtu kamili, hawezi kuwa chombo cha kupatia shahada. Tangu Tamko la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wamekubaliana kwamba ridhaa ya mtafitiwa ni lazima. Na kwa asiyeweza kuridhia mwenyewe, mwakilishi wake halali huombwa. Naongeza lililo la kwetu: mtoto anaweza kutia saini, lakini bibi akisukuma mkono wa mtafiti, jambo limekwisha siku hiyo. Aliyesahau kwamba alikubali jana ana haki ya kuulizwa upya leo. Na matokeo yarudi shehiani, yaelezwe kwa Kiswahili, kabla hayajasafiri kwenda kwenye majarida ya mbali.

Nasi tusikae tukingoja. Likizoni natembelea wagonjwa na katekista wetu, Wakristo wachache tulio nao na majirani wanaotukaribisha. Nimejifunza kwa walezi mambo yasiyo katika vitabu vyangu: kaa mbele ya mzee, si ubavuni, uliza swali moja, usimrundikie matatu, akimwita marehemu mumewe, usimpe msiba upya, muulize habari zake. Mama mmoja ambaye hamtambui mwanawe husali Salamu Maria hadi mwisho, ukimwanzishia. Yaliyojifunzwa utotoni na kurudiwa maisha yote huchelewa kuondoka. Kwa hiyo, mlei mwenzangu, wafundishe watoto wako sala sasa. Na wewe mseminari, utakapokuwa padre, usimruke mzee huyo katika Komunyo ya wagonjwa kwa kudhani hayupo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alituanzishia mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai. Napendekeza parokia zetu ziifanye siku hiyo kuwa pia siku ya kupima presha na sukari, na ya kumpumzisha mlezi: vijana wawili wakae na mzee saa nne, binti yake alale. Vyuo vikuu vilete vipimo na hesabu. Kulala usingizi kwa binti yule, hilo halihitaji kibali cha utafiti.